Nguzo ya Pili

Kwa faida ya ulimwengu mzima wa elimu, na kwa unyenyekevu unaostahili, mimi Abdulqadir bin Jeilani wa Mkomani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika shule ya bweni huko Mombasa, natangaza kwamba katika mwezi wa Agosti, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita, niligundua dawa ya uchovu wa binadamu.

Niliigundua nikiwa nimekalia mtumbwi uliopinduliwa, kivulini, nikila mahamri ya shangazi yangu. Aliyekuwa akikimbia ni mtu mwingine.

Likizo yangu ilikuwa imeanza vibaya. Siku ya pili tangu nirudi Lamu, wanaume wa mtaa wetu wa Mkomani walipokuwa ndani ya msikiti wakisali alasiri, mimi, niliyekuwa nimesali mapema kwa bidii isiyo ya kawaida, nilivipanga upya viatu vyote vya mlangoni: vya kushoto hapo hapo, vya kulia ng'ambo ya kichochoro, nyuma ya punda. Baba alirudi nyumbani na kiatu chake kimoja na kimoja cha imamu. Hakucheka. Kesho yake nilipakiwa kwenye mashua ya Faza, nikakae kwa shangazi yangu Mwanatumu mpaka shule ifunguliwe.

"Kule," baba alisema, "hakuna viatu vingi."

Mume wa shangazi, Bwana Gharib, alikuwa tarishi wa Mudir, mkuu wa serikali pale Faza, kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuchukua barua za serikali ndani ya mkoba wa ngozi, kutoka Faza hadi Siyu na Pate, kwa miguu, na kwa mbio kama barua ina haraka. Kisha mguu wake wa kushoto ukaingiwa na matende. Nilipofika nilimkuta amekaa barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima, na mkoba bado unaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, kwa kuwa Mudir hajampata wa kumrithi.

Hajampata kwa sababu kila mtu alikuwa na mpwa wake. Mudir alichoka kupokea wajomba. Akatoa amri: Alhamisi ya kwanza ya Septemba yatakuwapo mashindano, Faza hadi Siyu na kurudi, maili kumi. Atakayeshinda ndiye tarishi, na asije tena mtu kumwombea mpwa wake.

Shangazi alikuwa na watoto wawili. Mwanamkisi alikuwa na miaka kumi na saba, sawa na mimi, ila ulimi wake ulikuwa na miaka hamsini. Kaka yake, Famau, alikuwa na ishirini. Mwaka uliotangulia Famau alikwenda kukata mikoko kwenye vijito nyuma ya Ndau. Alikaa msimu mmoja ndani ya tope, akarudi na kovu la shoka kwenye muundi na kikohozi kilichokataa kutoka. Alisema neno moja tu: "Sirudi." Lakini asipokuwa tarishi angerudi, maana hapakuwa na kazi nyingine ya kumlisha yeye, mama, dada na mguu ule juu ya kigoda. Na ukiacha hayo yote, aliitaka kazi ile kwa ajili yake mwenyewe. Tangu utotoni alikuwa akimkimbilia baba yake nyuma mpaka mwisho wa mji, na kila siku akirudishwa kwa mawe madogo madogo ya mapenzi.

Mbio alikuwa nazo. Tatizo lake lilikuwa la maili ya saba.

"Kwenda ni upepo," alinieleza jioni yangu ya kwanza. "Kurudi, nikifika kwenye minazi ile iliyokatika vichwa, miguu inakuwa si yangu. Naiomba kama ninavyomwomba mtu."

Hapo ndipo elimu ilipokohoa na kusimama. Shuleni kwetu mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho katika kila mbio, hata mwalimu wa michezo akanihurumia akanipa kazi ya kushika saa, ile ya kubonyeza ikaenda na kubonyeza ikasimama. Saa hiyo ilikuwa ndani ya soksi yangu, chini ya kitanda cha shangazi. Sikuiiba. Nilisahau kuirudisha, kwa makusudi. Na maneno ya mwalimu nilikuwa nayo kichwani: uchovu hauondoki kwa ushujaa, huondoka kwa mazoea. Mtu akimbie kipande kifupi, apumzike kidogo, arudie, arudie tena. Usimtazame anavyokwenda mwanzo, kwa sababu mwanzo kila mtu ni farasi. Tazama kipande chake cha mwisho kinafanana vipi na cha kwanza.

Niliyasema haya barazani kwa sauti ya mwalimu, pamoja na kikohozi chake.

"Miguu inafundishwa?" Bwana Gharib aliuliza. "Mimi wangu sikuufundisha. Niliutuma tu."

"Ndiyo maana umegoma, baba," alisema Mwanamkisi kutoka ndani.

Famau hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango. "Nifundishe, Profesa," alisema. "Nitafanya kila usemalo."

Natamani angekuwa mtu wa kubishana.

Tulianza siku ya bamvua, bahari ilipopwa mbali na kuacha uwanja wa mchanga mgumu, mashariki ya mji, wenye mawe ya mwamba hapa na pale. Mwanamkisi alikuja nasi kwa sababu kamba ilikuwa yake. Ilikuwa kamba ya pima ishirini, na mara kumi na moja ya kamba hiyo ni robo maili kamili. Hesabu hiyo niliifanya bila karatasi, nikahakikisha wote wameona. Nguzo ya kwanza, mti wa boriti, tuliisimika kando ya mtumbwi uliopinduliwa. Tukaivuta kamba, Mwanamkisi ncha ile na mimi ncha hii, mara kumi na moja, na tulipofika mwisho nikasimika nguzo ya pili.

"Ondoa mti wako hapo," alisema Mwanamkisi.

"Kwa nini?"

Alionyesha kwa kidole cha mguu. Hatua mbili kutoka kwenye nguzo kulikuwa na shimo la mwamba, mdomo wake umezungukwa na makombe yaliyovunjika. Lilikuwa shimo la pweza, na lilikuwa lake. Wanawake wa pale kila mmoja ana mashimo yake, huyarithi, na mwanamke mwenzake hatii mkono humo hata akifa njaa. Hili aliachiwa na bibi yake, Bi Kulthum.

"Siwezi kuisogeza," nilimwambia. "Robo maili imeishia hapa. Elimu haina mchezo."

"Basi elimu yako ikimkimbiza pweza wangu, utaingia wewe humo shimoni ukae badala yake."

Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kufika pale mpaka mashindano yalipopita, yeye na wanawake wengine wote. Famau alikimbia na kaptura yangu ya shule, mapaja nje, na wanawake kwa stara yao wakahamia mwamba wa upande wa magharibi. Wakati ule niliiona ni adabu nzuri. Baadaye niliiona ni bahati nzuri. Sasa sijui niiiteje.

Mazoezi yalikuwa safari ishirini kila siku, nguzo hadi nguzo, na katikati mapumziko ya dakika moja. Siku ya kwanza, safari ya kwanza ilichukua dakika moja na nusu. Ya ishirini ilichukua dakika mbili na sekunde sita, na alipofika alishika nguzo kwa mikono miwili akatapika. Niliandika daftarini: *Mgonjwa amepokea dawa.*

Mwisho wa bamvua lile, safari ya ishirini ilikuwa imeshuka hadi dakika mbili kasoro sekunde mbili. Nikaona heri niwajulishe watu. Palipouzwa kahawa, mbele ya wazee na mabaharia, nilitangaza kwamba kabla ya mwezi kwisha, Famau bin Gharib atakimbia safari yake ya mwisho kwa muda ule ule wa safari ya kwanza. Dakika moja na nusu, si zaidi. Nikazidisha kidogo nikasema kwamba maili kumi atazimaliza kwa saa moja, dakika sita kila maili. Mzee mmoja aliuliza kama hiyo dawa inafaa pia kwa punda.

Yakaja maji mafu, siku ambazo bahari haiendi mbali, na uwanja wetu ukabaki chini ya maji. Famau akapumzika wiki nzima. Maji yalipokubali tena, safari ya ishirini ilichukua dakika mbili kasoro sekunde moja. Hakuna kilichoongezeka. Kwenye kahawa wakaanza kuniuliza.

"Profesa! Dawa imefika bandari gani?"

"Iko ndiani," nilijibu.

Kesho yake nilitangulia uwanjani. Nguzo ya pili ilikuwa imelala upande kwa mawimbi. Nikaing'oa ili niisimike vizuri, na nilipoisimika, niliisimika pima tano ndani zaidi, upande wa nguzo ya kwanza, nikaikaza kwa mawe matatu. Naapa ilikuwa mzaha. Mchanga ni mweupe kila mahali, na bahari inafuta nyayo mara mbili kwa siku. Nilitaka kuona atajua au hatajua, kisha nimwambie, tucheke.

Siku hiyo safari ya ishirini alimaliza kwa dakika moja na sekunde hamsini na tatu. Alikuja kwangu akihema, akaitwaa saa kutoka mkononi mwangu, akaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha kahawa ya moto. Alikuwa hajui kusoma tarakimu zile ndogo, nikamsomea. Akanitaka nimsomee tena. Kisha akacheka kwa sauti, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akakimbia safari ya ishirini na moja bila kuambiwa, hadi nyumbani, kumwambia baba yake.

Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba ulikuwa ukimtania? Niliamua kumwambia kesho. Kesho nikaisogeza tena.

Sitaeleza siku moja moja. Itoshe kusema kwamba mpaka mwisho wa Agosti nguzo ya pili ilikuwa imesafiri pima ishirini, yaani kamba nzima, na safari ya ishirini ilichukua dakika moja na nusu, kama nilivyotangaza. Mji mzima ulijua. Watoto walinifuata wakiimba "Profesa, Profesa." Bwana Gharib alishusha mkoba kutoka kwenye msumari akaupaka mafuta ya simsim, ngozi ikalainika, harufu ikajaa baraza. Na Famau mwenyewe alikuwa amebadilika, hilo halikuwa uongo wangu: hakutapika tena, kikohozi kilikuwa kimekwisha, na kwenye mapumziko aliweza kuzungumza.

"Unajua, Profesa," aliniambia siku moja, "zamani nilidhani kuchoka ni tabia yangu. Kumbe ni kitu tu. Kinatoka."

Nilimpa hamri.

Alhamisi ilifika. Wakimbiaji walikuwa watano. Wa kuogopwa alikuwa mmoja, Wazir wa Siyu, mchunga ng'ombe, mrefu, aliyekuja amevaa makubadhi mapya ya ngozi ya kwao, akayavua, akampa askari wa Mudir amshikie kana kwamba askari ni rafu.

"Ndiye huyu aliyefundishwa na saa?" alimuuliza Famau, akicheka. "Mimi nimefundishwa na ng'ombe. Ng'ombe humbonyezi akasimama."

"Tutaonana kwenye minazi," alisema Famau kwa upole.

Watu wa Mudir walikuwa wameipima ndia yote ya kwenda Siyu kwa mnyororo wa chuma, wakaweka mawe yaliyopakwa chokaa kila maili. Mimi nilikwenda mapema nikasimama kwenye jiwe la maili ya kwanza, peke yangu na saa yangu, nikiwa nimekubaliana na Famau kwamba akipita nitampa habari. Mpango alikuwa nao kama Fatiha: dakika sita kila maili. Mpango huo niliutoa mimi kwenye nguzo zangu. Robo maili kwa dakika moja na nusu, mara nne, ni dakika sita. Isipokuwa ile haikuwa robo maili.

Baruti ya Mudir ililia mjini. Nikabonyeza.

Famau alitokea kwanza, mbele ya wote. Nataka niandike vizuri alivyokuwa, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyemwona. Mdomo umefungwa. Mabega yameshuka. Anakwenda kama mtu mwenye barua mkononi, hana haraka na hana wasiwasi, anajua nyumba anayokwenda. Alipopita kwenye jiwe nikabonyeza. Dakika sita, sekunde thelathini na sita.

"Vipi, Profesa?"

Miguu yangu ni mizito, lakini hesabu yangu ni nyepesi. Kabla hajamaliza kuuliza nilikwishajua. Sita na thelathini na sita ilikuwa ndiyo mbio yake ya kweli, ile ile ya uwanjani, ukirudisha kamba niliyoiiba. Miguu yake ilikuwa imeichagua yenyewe. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: uko sawa. Lakini mji mzima ulikuwa ukingoja sita. Nikisema yuko sawa, baadaye lazima nieleze kwa nini sita na nusu ni sawa na sita, na nikianza kueleza nitafika kwenye nguzo.

"Umechelewa!" nilipiga kelele. "Nusu dakika na zaidi!"

Niliona uso wake ukivunjika kidogo. "Haya," alisema, kama mtu anayekiri kosa, akaongeza mwendo. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Alikuwa akikimbia kwa nguvu sana.

Wazir alipita baadaye, dakika saba na sekunde chache. "Na mimi je, bwana saa?" aliuliza.

"Wewe hukuandikwa daftarini," nilimjibu.

"Alhamdulillahi," alisema, akaenda zake kwa mwendo ule ule.

Kisha nilikaa juu ya jiwe karibu saa nzima. Jua lilikuwa kali na mahamri yalikuwa yamekwisha. Nilijaribu kufikiri juu ya viatu vya Mkomani.

Aliyerudi kwanza alikuwa Wazir. Hakuwa amebadilika kitu. Dakika sitini na nne kwenye jiwe lile, na hakuniuliza.

Niliandika kwamba nilimwona Famau peke yangu mara ya kwanza. Mara ya pili pia nilikuwa peke yangu, na hilo ndilo nisilolipenda. Alikuja akiwa wa tatu. Magoti yake yaligongana. Chumvi nyeupe ilikuwa imeganda pembeni mwa midomo, na mkono mmoja ameshika ubavu kana kwamba kuna kitu kitadondoka humo. Aliniona, akajaribu kunyoosha mgongo.

"Kumebaki kiasi gani?"

"Maili moja," nilisema.

"Nisamehe," alisema. Akapita.

Nilisikia akianguka kabla ya kona. Nilipofika alikuwa amesimama tena, na hakutaka nimshike.

Mjini, Bwana Gharib alikuwa amebebwa na kiti chake mpaka mbele ya ofisi ya Mudir, mkoba mapajani. Wazir alikuwa amemaliza kwa saa moja na dakika kumi na moja. Mudir aliutwaa mkoba kutoka mapajani mwa Bwana Gharib, akampa Wazir, watu wakapiga makofi. Kisha nilimwona Bwana Gharib akimwita yule kijana kwa mkono, akamwonyesha namna ya kukifunga kishikizo cha mkoba, kwa kuwa kilikuwa kimelegea miaka mingi na kilitaka ujanja. Wazir aliinama akajifunza kwa heshima. Famau aliingia wakati huo, akitembea. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mama yake.

Jioni ile kwenye baraza hakukuwa na harufu ya simsim. Wapitao njia walimpa pole, na wakishapita mbele kidogo walisema moyo wake ni mdogo. Famau aliwasikia. Alinigeukia mimi.

"Nimekuaibisha, Profesa. Saa yako ilisema kweli. Pale jiweni nilikuwa nimeshachelewa, na mimi nilijiona nakwenda vizuri. Mwongo ni huu mwili." Alipiga paja lake, si kwa hasira, kama mtu anavyompiga punda wa mwingine. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa kuna mashua ya Ndau."

Usiku huo nililala vibaya, lakini nililala. Hesabu niliifanya asubuhi. Safari ya ishirini, siku ya kwanza: dakika mbili na sekunde sita. Safari ya ishirini, siku ya mwisho, ukirudisha kamba: dakika moja na sekunde thelathini na tisa. Kwa mwezi mmoja alikuwa amepunguza sekunde ishirini na saba. Mwalimu wangu wa michezo angeruka juu ya meza. Na kwa mwendo huo maili kumi ni saa moja na dakika sita, dakika tano nzima mbele ya Wazir na ng'ombe wake. Hata akilegea mwishoni, angekuwa amevua kaptura yangu, ameoga, na amevaa kanzu. Dawa ilikuwa imefanya kazi. Kweli peke yake ilitosha, na mimi nilikuwa nimeitia maji.

Nilikuwa bado na kalamu mkononi Mwanamkisi alipotuma mtoto wa jirani aniite. Yuko uwanjani, alisema mtoto.

Nilimkuta amesimama kwenye shimo lake la pweza, nguo amezipandisha mpaka kwenye kifundo, kijiti cha kuvulia mkononi. Mashindano yalikuwa yamekwisha na wanawake walikuwa wamerudi mwambani. Pweza alikuwa amekwishamtoa, yuko juu ya jiwe. Na kamba ilikuwa begani kwake.

"Habari za asubuhi, Profesa."

"Nzuri."

"Nguzo yako iko wapi?"

Nikanyoosha kidole. Ilionekana mbali sana kutoka pale. Sikuwahi kuiona kutoka upande ule.

"Na shimo langu?"

Nikatazama miguu yake.

"Ni bahari," nilisema. "Mkondo. Bamvua hili limekuwa na nguvu isiyo ya kawaida, na mchanga nao, kwa elimu ilivyo..."

"Bahari imeing'oa nguzo."

"Yawezekana."

"Ikaitembeza. Ikaisimika wima. Ikaikaza kwa mawe matatu." Alishusha kamba begani, akaniwekea ncha moja mkononi, akaenda na nyingine mpaka kwenye nguzo. Kamba ikakazana. Haikubaki wala haikupungua. Kutoka kule alipaza sauti: "Bahari ya Faza imesoma hesabu, Abdulqadir!"

Hakuniita Profesa. Alirudi akakunja kamba polepole, akachuchumaa, akaanza kumpiga pweza juu ya jiwe ili alainike.

"Sema," alisema.

Nilianza na mzaha. Nikasema nilitaka tucheke. Pweza akapigwa. Nikasema kuhusu kahawa na watu walivyoniuliza. Akapigwa. Nikasema pima tano, kisha tano, kisha tano, kisha tano. Alikuwa hapigi kwa nguvu; alipiga kama kila siku, kwa mkono unaojua kazi.

"Na pale jiweni?" aliuliza bila kuinua mato kunitazama. "Kaka anasema ulimwambia amechelewa."

"Nilimwambia."

"Alikuwa amechelewa?"

Ningeweza kusema sijui. Hakuna aliyekuwepo pale zaidi yangu na saa, na saa ilikuwa imerudi ndani ya soksi.

"Hapana," nilisema.

Mkono wake ukasimama hewani. Nilidhani atanipiga na yule pweza, na ningeshukuru. Alimtia kikapuni.

"Kamwambie," alisema. "Kwa mdomo wako. Usiende ukamwandikia."

Famau alikuwa barazani akinoa shoka. Bwana Gharib alikuwa kwenye kiti chake, na msumari juu yake ulikuwa mtupu. Nilisimama mbele yao, nikiwa na mikono nyuma kama ninavyosimama kwa mwalimu mkuu, nikasema yote: nguzo, kamba, mawe matatu, jiwe la chokaa. Nilipomaliza nikasema nitakwenda kwa Mudir sasa hivi.

"Ukamwambie nini?" alisema Famau. "Wazir alikimbia maili kumi. Yeye hakusogeza kitu."

Alilipitisha shoka juu ya jiwe la kunolea mara mbili, tatu. Bwana Gharib alikuwa akitazama mguu wake. Kwa mbali niliwasikia watu wa mashua wakiitana. Kisha Famau akaliweka shoka chini, akaniuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa:

"Pale jiweni. Nilikuwa nakwenda vizuri?"

"Ulikuwa unakwenda vizuri," nilisema. "Ulikuwa unakwenda vizuri kabisa."